Ubingwa wa Taifa: Historia ya Mashindano ya Kandanda Nchini Tanzania Kama Inavyotazamwa Kutoka Nyakisasa

Utangulizi

Mgeni afikaye Nyakisasa, wilayani Ngara, wakati jua linapoelekea kutua nyuma ya vilima vya Burundi, hatakosa kuona jambo ambalo angeliona pia Songea, Tanga au Pemba: vijana wamekusanyika wanacheza kandanda. Uwanja wenyewe pengine ni malisho ya ng'ombe, na milingoti ya goli ni miti iliyokatwa porini. Watoto wadogo wasio na mpira wa dukani huviringa majani makavu ya mgomba, wakayakaza kwa kamba za mgomba huo huo, na mchezo ukaendelea mpaka giza liwatenganishe.

Mgeni huyo akimwuliza mtoto ye yote kati yao ni mpenzi wa timu gani, atajibiwa bila kusita, "Mimi Yanga," au, "Mimi Simba." Mtoto huyo hajapata kuuona mtaa wa Jangwani wala wa Msimbazi. Baina yake na mitaa hiyo kuna zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na huenda baba yake naye hajafika huko. Hata hivyo, timu inaposhindwa Dar es Salaam, yeye hulala bila furaha Nyakisasa.

Jambo hili si dogo. Taifa lenye makabila zaidi ya 120, lenye wavuvi, wafugaji na wakulima waliotengana kwa masafa marefu, limepata kitu ambacho watu wake wote hukizungumza kwa lugha moja na kwa hamu moja. Lakini hapo hapo pana swali ambalo mwalimu na mwanafunzi hawana budi kujiuliza. Ubingwa tunaouita wa taifa, je, ni wa taifa zima, au ni wa mitaa miwili ya Kariakoo ambao sisi wengine tumeazimwa furaha na huzuni yake? Makala hii inakusudia kueleza jinsi mashindano ya ubingwa yalivyoanza na kukua nchini mwetu, na kwa njia hiyo kulitafutia swali hilo jibu.

Kandanda Wakati wa Ukoloni

Mchezo wa kandanda kama tuujuavyo leo uliletwa Afrika Mashariki na wageni: wamisionari, askari, mabaharia na maofisa wa serikali za kikoloni. Waliuleta pamoja na makusudi yao. Shuleni ulikuwa njia ya kufundisha utii na nidhamu; mjini ulikuwa njia ya kuwashughulisha vijana baada ya kazi ili wasipate nafasi ya kufikiri mambo mengine. Mashindano makubwa ya kwanza ya eneo hili, Kombe la Gossage, yalianza mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, na kombe lenyewe lilichukua jina la mtengenezaji sabuni wa Kiingereza. Tanganyika iliingia katika mashindano hayo mwaka 1945, ikalitwaa kombe kwa mara ya kwanza mwaka 1949, na tena mwaka 1950 na 1951.

Hata hivyo mchezo haukubaki katika mikono ya walioleta. Vijana wa Kiafrika wa Dar es Salaam waliugeuza kuwa mali yao. Mwaka 1935 ilianzishwa Young Africans, ambayo wananchi waliikata jina na kuiita Yanga. Jina hilo la Kiingereza lilibeba ujumbe ambao mkoloni hakuweza kukosa kuusikia: kwamba hawa ni Waafrika, na ni vijana, na wamejiunga pamoja kwa hiari yao wenyewe. Mwaka 1936 ilizaliwa klabu nyingine iliyoitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland. Katika nchi ambamo mikutano ya siasa ilitazamwa kwa jicho la shaka, klabu ya mpira ilikuwa mahali pa kuchaguana viongozi, kutunza fedha za pamoja, kuzikana na kushauriana. Si ajabu kwamba vuguvugu la kudai Uhuru lilipopamba moto, klabu za namna hiyo zilikuwa tayari na watu waliozoea kufanya mambo yao kwa umoja.

Kuzaliwa kwa Ligi ya Taifa

Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba, 1961, swali la utamaduni lilipewa nafasi ya mbele. Katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba, 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1964 chama cha mpira cha nchi kilijiunga na Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA. Mwaka 1967 Bunge likatunga sheria ya kuanzisha Baraza la Michezo la Taifa. Michezo ikawa sehemu ya kazi ya kujenga taifa, pamoja na shule, zahanati na barabara.

Ligi ya Taifa ilianza mwaka 1965. Bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, na mwaka uliofuata Sunderland ikarudia. Mwaka 1967 ubingwa ulikwenda kwa Cosmopolitan, klabu nyingine ya Dar es Salaam. Kisha ukaja wakati wa Yanga, iliyotwaa ubingwa miaka mitano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972.

Mwaka 1971 klabu ya Sunderland iliacha jina lake na kuitwa Simba. Mtu anaweza kusema kwamba jina ni jina tu. La hasha. Sunderland ni mji wa Uingereza wenye klabu mashuhuri, na kijana wa Msimbazi aliyeitwa kwa jina hilo alikuwa akivaa nguo ya mtu mwingine. Simba ni mnyama wa mbuga zetu, tena ni neno la lugha yetu. Tangu hapo mtoto wa Nyakisasa, ambaye hakujua Sunderland iko wapi, alipata jina aliloweza kulitamka na kulielewa.

Chini ya jina hilo jipya klabu hiyo ilitwaa ubingwa mwaka 1973, kisha ikaujibu utawala wa Yanga kwa utawala wa namna ile ile: miaka mitano mfululizo, kuanzia 1976 hadi 1980.

Mwanza, 1974

Kati ya vipindi hivyo viwili pana tukio ambalo wazee wa Kanda ya Ziwa hulisimulia mpaka leo. Tarehe 10 Agosti, 1974, Simba na Yanga zilikutana kuamua ubingwa wa mwaka huo, na safari hii hazikukutana Dar es Salaam. Zilikutana katika uwanja wa Nyamagana, mjini Mwanza.

Simba ilitangulia kupata bao mapema kwa mguu wa Adam Sabu. Dakika zikapita, na kwa kuwa Yanga haikusawazisha, ilionekana kwamba ubingwa umekwisha pata mwenyewe. Zilikuwa zimebaki dakika chache tu mchezo umalizike ndipo Gibson Sembuli aliposawazisha. Wakaingia katika muda wa nyongeza, na humo Sunday Manara akafunga bao la pili. Yanga ikashinda mabao 2 kwa 1 na kurudi Dar es Salaam na ubingwa. Manara, aliyepewa na wapenzi wake jina la Kompyuta kwa ajili ya akili yake uwanjani, baadaye alikwenda kucheza Uholanzi, akawa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa barani Ulaya.

Umuhimu wa mchezo ule haukuwa katika mabao matatu peke yake. Kwa siku moja watu wa Ziwa Viktoria waliona kwa macho yao kile walichokuwa wakikisikia kwa masikio. Ubingwa wa taifa ulikuwa umesafiri, umewafuata wananchi mahali walipo. Ulipochezwa Nyamagana haukupungua hadhi. Bali uliongezeka, kwa sababu nchi kubwa zaidi iliushuhudia.

Reli, Meli na Redio

Yafaa tujiulize timu zilifikaje Mwanza, kwa maana historia ya ligi ni historia ya usafiri pia. Reli ya Kati ilifika Mwanza mwaka 1928. Wakoloni waliijenga ili kuchukua pamba na mazao mengine kuyapeleka pwani. Hawakuijenga kwa ajili ya wachezaji. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa garimoshi ni kilomita zipatazo 1,200, na atakaye kwenda Bukoba ilimpasa kupanda meli na kulala ziwani usiku kucha. Timu iliyotoka Bukoba kwenda kucheza Songea au Mtwara ilivuka karibu nchi nzima. Wachezaji walifika wamechoka, wakacheza, wakaanza tena safari ya kurudi, na baadhi yao walitakiwa kazini siku ya pili yake. Kwa klabu isiyo na fedha, safari moja ya namna hiyo ilitosha kumaliza sanduku la mweka hazina.

Kilichoshinda masafa hayo kwa urahisi kilikuwa ni sauti. Mwaka ule ule wa 1965 ambamo ligi ilianza, shirika la utangazaji lililorithiwa lilifanywa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya Serikali. Ligi na redio zilikua pamoja kama pacha. Jumamosi na Jumapili alasiri redio moja ya mbao iliwekwa dirishani mwa duka, na kijiji kizima kikakusanyika nje. Watangazaji kama Ahmed Jongo na Omar Jongo walikuwa na kazi ngumu kuliko ya mchezaji: iliwapasa kumwonyesha mpira mtu asiyeuona. Walilazimika kuwa wepesi wa maneno, na kwa wepesi huo waliitajirisha lugha. Mtu aliyekuwa akizungumza Kihangaza au Kishubi nyumbani, na Kiswahili cha kubahatisha sokoni, alijifunza kutoka kwao kwamba mpira unaweza kupigwa, kupenyezwa, kubutuliwa, kumegwa, kuchopwa na kuzuiwa, na kwamba kila kitendo kina neno lake. Waalimu wa Kiswahili walisaidiwa na kandanda pasipo kuomba msaada huo.

Lakini redio ilikuwa na upande wa pili. Ilitangaza zaidi michezo ya Dar es Salaam, na katika michezo ya Dar es Salaam ilitangaza zaidi ile ya Simba na Yanga. Hivyo mtoto wa kijijini aliwajua kwa majina wachezaji kumi na mmoja wa Jangwani, na hakumjua nahodha wa timu ya wilaya yake mwenyewe. Chombo kilichotuunganisha ndicho kilichotufundisha kutazama upande mmoja.

Mabingwa Waliotoka Mikoani

Tukichunguza orodha ya mabingwa wa Tanzania Bara tangu mwaka 1965, tutaona kwamba walio nje ya Simba na Yanga wanahesabika kwa vidole. Na tukiwaondoa wale wa Dar es Salaam, kama Cosmopolitan, Pan African ya mwaka 1982 iliyozaliwa na mgawanyiko wa Yanga, na Azam iliyotwaa ubingwa msimu wa 2013/14 bila kufungwa hata mchezo mmoja, wanaobaki ni wachache mno. Wachache hao ni wa kukumbukwa.

Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilikuwa bingwa, ikithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wilayani Rungwe mkoani Mbeya, ilipanda daraja na katika msimu wake wa kwanza ikatwaa ubingwa mbele ya wakubwa wote. Haikudumu kileleni, lakini jina lake halijasahauliwa. Mwaka 1988 ikawa zamu ya Coastal Union ya Tanga. Mwaka 1999 na 2000 Mtibwa Sugar, timu ya wakata miwa wa Turiani mkoani Morogoro, ilitwaa ubingwa mara mbili mfululizo. Na katika Ligi ya Muungano, iliyoanza mwaka 1982 ili kuzikutanisha timu bora za Bara na za Visiwani, Malindi ya Zanzibar ilipata ubingwa mwaka 1989 na tena mwaka 1992.

Mwanafunzi makini atauliza: timu za mikoani zilizoweza kushindana zilipata wapi nguvu? Jibu moja kubwa linapatikana katika majina yao wenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashirika ya umma yalienea nchini, na mengi yaliunda timu. Pamba ya Mwanza ilitokana na zao la pamba. Reli ya Morogoro ilitokana na shirika la reli. RTC Kagera ilitokana na kampuni ya biashara ya mkoa. Mtibwa na Kagera zilitokana na viwanda vya sukari. Mchezaji alipewa ajira, nyumba na usafiri. Kijana hakulazimika kwenda Kariakoo ili ale. Alibaki mkoani kwake, na mkoa wake ukawa na timu.

Mashirika hayo yalipodhoofika katika miaka ya 1980 na mengi kuuzwa au kufungwa katika miaka ya 1990, timu nyingi zilizoyategemea nazo zilianguka. Hapa pana fundisho ambalo halimo katika vitabu vya michezo. Timu ya mpira ni kama tunda. Mti ukikauka hakuna dawa ya kulipaka tunda ili lisianguke.

Pamoja na hayo, timu za mikoani zilituachia urithi wa lugha. Wananchi walizipa majina ya sifa yaliyotoka katika maisha ya kwao. Coastal Union wakaitwa Wagosi wa Kaya, Maji Maji ya Songea wakaitwa Wanalizombe, Kagera Sugar wakaitwa Wanankurukumbi. Kila jina lilikuwa neno la nyumbani lililoingizwa katika Kiswahili cha taifa, likaeleweka Bukoba na Lindi sawia. Hivyo ndivyo lugha ya taifa inavyopaswa kukua: kwa kupokea mchango wa kila pembe ya nchi.

Mfano wa Brazili

Huenda mtu akadhani kwamba tatizo letu ni la umaskini wetu peke yetu. Tutazame nchi ambayo dunia nzima inaihesabu kuwa makao ya kandanda. Brazili ina eneo linalokaribia mara tisa ya Tanzania. Kwa muda mrefu haikuwa na bingwa wa taifa hata kidogo. Kila jimbo lilikuwa na mashindano yake. São Paulo ilianza mwaka 1902 na Rio de Janeiro mwaka 1906, na wananchi waliridhika na ubingwa wa jimbo kwa sababu masafa yalikuwa makubwa na usafiri ulikuwa mgumu. Brazili ilikuwa imekwisha twaa Kombe la Dunia mwaka 1958 kabla ya kuanzisha, mwaka 1959, mashindano ya kumpata bingwa mmoja wa nchi.

Na nani alikuwa bingwa huyo wa kwanza? Haikuwa timu ya Rio wala ya São Paulo. Ilikuwa ni Bahia, ya mji wa Salvador, kaskazini mashariki mwa nchi, mahali ambapo wana wa Afrika waliopelekwa utumwani walikuwa wengi na utamaduni wao ungali hai. Bahia iliishinda Santos ya Pelé. Baadaye Santos ilijibu kwa kutwaa mashindano hayo mara tano mfululizo, kuanzia 1961 hadi 1965.

Ligi ya nchi nzima ilianzishwa mwaka 1971, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Atlético Mineiro. Watawala wa kijeshi wa wakati ule waliona kwamba kuiingiza timu ya mji fulani katika ligi ni njia ya kuwafurahisha watu wa mji huo. Basi timu zikaongezwa na kuongezwa, hata kufikia mwaka 1979 zilikuwa 94. Ligi hiyo ilikuwa ya taifa kwa hesabu ya timu, lakini ilikuwa vurugu kwa utaratibu. Ni mwaka 2003 tu ndipo Brazili ilipoanza ligi ambamo kila timu hucheza na kila timu nyumbani na ugenini, na mwenye pointi nyingi ndiye bingwa.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, hata mabingwa wa dunia walihangaika kwa miaka mingi kupata njia ya kumpata bingwa wa nchi kubwa. Pili, haki kwa mikoa haipatikani kwa kuongeza majina katika orodha ili kuwaridhisha watu, bali kwa kuimarisha mpira huko huko mikoani. Brazili haikukosa mashindano ya majimbo kabla ya kuwa na ligi ya taifa. Msingi ulitangulia paa. Tarehe 7 Juni, 2010, timu ya taifa ya Brazili ilicheza na Taifa Stars jijini Dar es Salaam na kushinda mabao 5 kwa 1. Waliokwenda uwanjani waliona matunda ya msingi huo.

Kagera Katika Historia Hii

Mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi mpaka mwaka 1979, ulipopewa jina la Kagera baada ya vita. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba, 1978, yakaua watu, yakaharibu mali, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaangamizwa. Yafaa ikumbukwe kwamba katika mwaka huo huo wa 1979, nchi ikiwa imetoka vitani na hazina ikiwa tupu, Taifa Stars iliitoa Zambia kwa kushinda bao 1 kwa 0 Dar es Salaam na kutoka sare ya 1 kwa 1 huko Ndola, kwa bao la Peter Tino. Kwa njia hiyo Tanzania ikaenda kwa mara ya kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Nigeria mwaka 1980. Ilipita miaka 39 kabla ya kurudi, mwaka 2019.

Kiwanda kilijengwa upya, na kutokana nacho ikatokea timu ya Kagera Sugar, iliyokuwa katika Ligi Kuu kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hadi iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Uwanja wake ni Kaitaba, mjini Bukoba. Haijapata kuwa bingwa, wala hakuna timu yo yote ya Kagera iliyopata kuwa bingwa. Lakini tarehe 19 Mei, 2018, ilifanya jambo ambalo mabingwa wengi hawakuliweza. Simba ilikuwa imekwisha twaa ubingwa bila kufungwa msimu mzima. Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, nchi iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya ya Biharamulo, alikuwapo Uwanja wa Taifa kukabidhi kombe. Uwanja ulivikwa nyekundu na nyeupe. Kagera Sugar ikashinda bao 1 kwa 0. Kombe lilikabidhiwa kama ilivyopangwa. Lakini jioni ile vijijini kwetu palikuwa na watu wapenzi wa Simba ambao hawakujua walie au wacheke. Wengi, baada ya kufikiri kidogo, walicheka. Huo ndio uliokuwa uamuzi wao juu ya swali tuliloanza nalo.

Mafanikio Nje ya Mipaka

Haingekuwa haki kuzisema Simba na Yanga kana kwamba ni mzigo kwa taifa. Zimetubebea bendera. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 1979 ilifungwa na Mufulira Wanderers mabao 4 kwa 0 hapa nyumbani, ikaenda Zambia na kushinda 5 kwa 0. Mwaka 1993 ilifika fainali ya Kombe la CAF. Mwaka 2003 iliwatoa Zamalek, mabingwa wa Afrika, mjini Cairo. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho na kulikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini, baada ya kufungwa na USM Alger 2 kwa 1 Dar es Salaam na kushinda 1 kwa 0 Algiers. Mwaka 2025 Simba nayo ilifika fainali ya kombe hilo, ikashindwa na Berkane ya Morocco. Wasichana nao wameingia uwanjani: Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wake wa kwanza, Mlandizi Queens, alitoka katika mji mdogo wa mkoa wa Pwani.

Hitimisho

Tumeona kwamba ligi yetu ilianza mwaka 1965 kama sehemu ya kazi ya kujenga taifa. Kwamba redio iliifikisha kila kijiji. Kwamba mashirika ya umma yaliipa mikoa timu, na kuanguka kwa mashirika kukaziangusha. Na kwamba nchi kubwa kuliko yetu zimepambana na tatizo lile lile.

Basi ubingwa wa taifa ni wa nani? Kwa upande wa mapenzi, ni wa taifa zima, na huo ni ushindi usiopaswa kudharauliwa katika bara ambalo watu wengi wametengwa kwa kabila na dini. Mshabiki wa Yanga aliye Mhangaza na mshabiki wa Yanga aliye Mzaramo ni ndugu, na wakibishana na mshabiki wa Simba hawamwulizi kabila lake. Lakini kwa upande wa nafasi ya kushindana, ubingwa haujawa wa taifa zima. Utakuwa hivyo siku kijana mwenye kipaji wa Nyakisasa atakapoweza kukikuza kipaji chake Ngara, akakionyesha Bukoba, na kutwaa nacho ubingwa pasipo kulazimika kuihama nchi yake. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Sharti kwanza awe na pa kuchezea kwao.

Kazi hiyo si ya chama cha mpira peke yake. Huanzia katika mashindano ya kata na ya shule, ambayo waalimu ndio wenye kuyabeba. Na kuna sehemu moja ambayo haihitaji fedha. Historia iliyosimuliwa hapa ni ya timu kubwa, kwa sababu hizo ndizo zilizoandikwa. Timu za vijiji vyetu hazikuandikwa. Wapo wazee waliocheza peku katika malisho haya haya, waliotembea siku nzima kwenda kukutana na timu ya tarafa nyingine, wanaokumbuka nani alifunga na nani alilia. Mwanafunzi mwenye daftari na kalamu aende akawaulize, aandike majina yao na ya timu zao, na miaka yake. Asipofanya hivyo sasa, mtoto anayekaza mpira wa majani ya mgomba jioni hii atakua akijua mabingwa wa Dar es Salaam wote, bila kujua kwamba babu yake naye alikuwa bingwa.